Nje ya Uzio

Daraja la mbao la Old Shoreham halipitishi magari. Hupita waendao kwa miguu, wenye baiskeli, watu na mbwa wao, na alfajiri za kutoka zamu ya usiku hupita mimi. Chini yake ni mto Adur, ambao maji yakitoka hubaki tope tupu na ndege wa miguu mirefu, kama pale Tudor kwetu Mombasa maji yanapokupwa. Upande wa magharibi kuna uwanja mdogo wa ndege, wa zamani sana, uliofunguliwa kabla ya Vita Vikuu vya Kwanza. Kilimani limesimama kanisa refu la shule ya Lancing. Na karibu hapo, kiasi cha kusikia matairi usiku kucha, inapita A27, barabara kubwa ya pwani ya kusini mwa Uingereza.

Nilipoanza kazi huku mwaka 2018 nilikuta maua yamefungwa kwenye mbao za daraja. Nikadhani kuna mtu alizama. Bibi mmoja ninayemhudumia kwenye nyumba ya wazee ndiye aliyenieleza, siku nilipomuuliza huku nikimchana nywele. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Hawakwenda hata kutazama, mwanangu. Wengine walikuwa wanapita tu."

Maneno hayo sijayaacha mpaka leo. Nimesoma ripoti ya ajali ile mara tatu, na nimemsumbua mjomba wangu kwa simu mpaka mkewe akalalamika. Nina sababu ya kuandika, nayo ni hao waliokuwa wanapita tu.

Ilikuwa Jumamosi, 22 Agosti 2015. Saa saba na dakika 22 mchana, ndege ya jeti aina ya Hawker Hunter iliyotengenezwa mwaka 1955 ilikuwa ikifanya sarakasi za angani katika maonyesho ya Shoreham. Ilipita chini, ikainua pua, ikapanda, ikajipindua juu kabisa na kuanza kushuka kukamilisha kitanzi. Haikukimaliza. Ilipiga A27 penye makutano ya barabara, pua yake ikiwa tayari imeanza kuinuka, ikapita katikati ya magari na watu ikiwa imejaa mafuta na moto. Wanaume 11 walikufa. Wawili walikuwa wachezaji wa timu ya mpira ya Worthing United, kila mmoja ana miaka 23, wanakwenda kwenye mechi. Mmoja alikuwa dereva mzee anayekwenda kumchukua bibi harusi. Kulikuwa na waendesha baiskeli. Kulikuwa na watu waliosimama pembeni ya makutano kuangalia juu. Rubani alinusurika akiwa na majeraha mabaya.

Sitamtaja jina. Linajulikana kwa anayelitaka, na mambo yake na mahakama nitayafikia.

Mjomba wangu alikuwa fundi katika Jeshi la Anga la Kenya miaka ya 1970, pale Nanyuki, Kenya ilipokuwa na Hunter zake. Vijana wengi hawajui kwamba ndege hizi ziliwahi kunguruma chini ya Mlima Kenya. Jirani zake zilikuwa Strikemaster, ndege ya mashambulizi iliyozaliwa kutokana na ndege ya mafunzo ya Jet Provost. Wasomaji wangu wa Muscat wana kisa chao hichohicho: Oman nayo ilizirusha zote mbili, Hunter zikiwa zawadi kutoka Jordan mwaka 1975. Mjomba anaikumbuka Hunter kwa sauti. Ikija kwa kasi huku imepunguza moto, anasema, hutoa mlio mrefu kama mtu anayepuliza juu ya mdomo wa chupa. Nilimchezea kwenye simu video moja ya zamani. Akanyamaza mpaka ilipokwisha, halafu akaniomba nirudie.

Kwa hiyo nilipompigia mara ya kwanza kumuuliza kuhusu Shoreham nilikuwa na woga. Nilijua nagusa kitu anachokipenda.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Haya, nisomee. Ilianza kitanzi na kasi gani?"

Hakuniuliza hali ya hewa, wala umri wa ndege, wala umri wa rubani. Aliuliza kasi. Nikamsomea kutoka kwenye ripoti ya wachunguzi wa ajali za anga wa Uingereza, iliyotoka Machi 2017: takriban noti 310, yaani kama kilomita 575 kwa saa. Na ilitakiwa iwe ngapi? Noti 350 angalau, karibu kilomita 650 kwa saa. Na injini? Wakati wa kupanda haikuwa kwenye nguvu zake zote. Na ilianzia juu kiasi gani? Kama futi 185 kutoka ardhini, wakati kibali cha rubani kilimtaka asifanye sarakasi chini ya futi 500. Na kilele? Futi 2,700, kadiri ya upimaji wao, ambapo ilitakiwa kufika 3,500.

Mjomba akavuta pumzi. "Basi. Hapo juu ndipo pa kutoka."

Nilikuwa sijaelewa. Alinichukua pole pole, na mimi nitawachukua vivyo hivyo, kwa sababu hapa ndipo ulipo moyo wa jambo lote.

Ndege inayofanya kitanzi inabadilisha kasi kuwa kimo, kisha kimo kuwa kasi. Hapo chini una mbio nyingi na huna kimo. Unapopanda unatumia mbio zile kununua futi. Ukifika kileleni umebaki na mbio kidogo tu. Hunter ile ilikuwa na noti 105 hivi, mwendo ambao magari ya mashindano huupita. Halafu unashuka, kichwa chini, na ndege inataka futi zake zote ili irudi kulala sawa kabla ya ardhi. Anayepanda na akiba ndogo anafika mahali padogo, na anayeshuka kutoka mahali padogo hana pa kugeukia.

Kinachowapotosha wengi, na kilinipotosha mimi, ni kuona noti 310 na noti 350 zinakaribiana. Pungufu ni kama asilimia 11. Lakini nguvu ya mwendo hukua kwa mraba wa kasi. Zidisha 310 kwa 310, zidisha 350 kwa 350, linganisha. Utaona imepotea zaidi ya sehemu moja ya tano ya nguvu yote iliyohitajika kupanda. Ukiigeuza kimo kwa hesabu ya fizikia ya sekondari, bila kuhesabu msuguano wa hewa wala msukumo wa injini, tofauti ya noti 40 ni zaidi ya futi 1,100. Nilifanya hesabu hiyo mara mbili nyuma ya karatasi ya ratiba ya dawa, nikiwa zamuni, kwa sababu sikuamini jibu.

Na ukiwa unashuka ukaiona ardhi inakuja, kwa nini usivute usukani kwa nguvu zaidi? Nilimuuliza mjomba hivyo. Akasema bawa si mbao ya kulazimishwa. Bawa huibeba ndege kwa kukata hewa kwa pembe fulani. Ukilivuta kupita pembe hiyo hewa huliachia, na ndege inashuka zaidi badala ya kupanda. Jeti za kizazi cha Hunter zina mabawa yaliyorudishwa nyuma kama ya mbayuwayu. Mabawa hayo ni mazuri kwa mbio, lakini ukiyavuta sana kwenye mwendo mdogo yanakula kasi yako haraka mno. Injini zake nazo ni za enzi ambapo ukisukuma mkono wa moto hupati jibu papo hapo. Injini hujikusanya kwanza. Kwa hiyo kosa la chini halitibiwi chini. Linatibiwa juu, kabla hujaanza kushuka, au halitibiwi kabisa.

Ndiyo maana marubani wa maonyesho wana kitu wanachokiita lango. Kabla ya kitanzi kuna lango la kasi: huna noti zako, huinui pua, unapita tu na kuaga. Juu kileleni kuna lango la kimo: huna futi zako, hushuki. Unaizungusha ndege ilalie tumbo, unaondoka, na watazamaji hawatajua hata kama ulikusudia kitu kingine. Mjomba alisema, "Lango si pambo la ukumbini, mwanangu. Limefungwa, rudi ulikotoka."

Wachunguzi walimpandisha rubani wa majaribio kwenye Hunter nyingine ili wajue kama kutoka kuliwezekana. Kuliwezekana. Hata sekunde nne baada ya kupita kilele ndege ingeweza bado kuzungushwa ikaondoka salama. Sekunde nne ni muda wa kutamka Bismillahi Rahmani Rahim mara moja, bila haraka.

Haikuzungushwa. Kwa nini? Wachunguzi hawakuweza kusema kwa hakika, na mimi siwezi kujifanya najua. Waliona uwezekano mmoja ambao umenikaa sana. Rubani huyu, mwenye maelfu ya saa angani, aliyewahi kurusha ndege za kivita na za abiria, alikuwa na saa chache, kama 40 tu, kwenye Hunter. Alikuwa pia akifanya maonyesho kwa Jet Provost, ambayo ni nyepesi na ya polepole zaidi, na ambayo malango yake yako chini zaidi. Huenda, walisema, alitumia namba za ndege moja akiwa kwenye nyingine.

Nikisoma pale niliweka karatasi mezani. Kazini kwetu tuna mashine mbili za kuwainulia wazee kutoka kitandani. Kwenye moja mkanda wa bega hufungwa kwa kitanzi cha pili. Kwenye nyingine, cha tatu. Nimefanya kazi hii miaka mingi. Siku moja, mwisho wa zamu ya saa 12, mkono wangu ulikwenda penye kitanzi kilichozoeleka, na mashine haikuwa ile. Mwenzangu aliniona akanishika mkono. Bibi alikuwa bado yuko kitandani, hakuna aliyeumia. Lakini najua jinsi mkono unavyojiamini. Hautetemeki wala hauna shaka, na ndiyo maana mwenyewe huwezi kuugundua. Nilikuwa na mwenzangu. Rubani wa maonyesho, futi 2,700 angani kichwa chini, yuko peke yake.

Hapo ndipo hasira yangu kwa yule mtu ilipopungua, ikahamia kwingine.

Ilihamia kwenye uzio.

Ili niueleze uzio lazima nirudi Farnborough, 6 Septemba 1952. Siku hiyo ndege ya majaribio ya de Havilland, DH.110, ilivunjika vipande angani mbele ya umati. Rubani John Derry na mwenzake Tony Richards walikufa, na mabaki, zikiwemo injini, yaliangukia watazamaji. Watazamaji 29 wakafa. Dakika chache baadaye, njia ya kurukia ikiwa imesafishwa, rubani Neville Duke alipanda angani kuendeleza maonyesho. Alikuwa na Hunter, ambayo wakati huo ilikuwa mpya kabisa. Waingereza walilisifu tendo lile kuwa ushujaa mkubwa, na Churchill mwenyewe alimwandikia kumpongeza. Nimejaribu kuliona walivyoliona. Vita vilikuwa vimekwisha miaka saba tu, watu walizoea kuzika na kuendelea. Lakini nafikiria pia mama aliyekuwa amesimama pale akimtafuta mwanawe, akasikia mlio wa jeti nyingine juu.

Baada ya Farnborough, Uingereza ilikaza sheria. Ndege zisiruke juu ya watazamaji. Zisiwaelekee zikiwa kwenye sarakasi. Pawe na mstari wa watazamaji na mstari wa ndege, na kati yao nafasi. Sheria zile zilifanya kazi, nami nasema hivyo kwa heshima: kwa zaidi ya miaka 60, hakuna mtazamaji aliyeuawa na ndege kwenye maonyesho ya nchi hii. Marubani walikufa, mara nyingi. Shoreham penyewe, mwaka 2007, ndege ya kale ya Hurricane ilianguka na rubani wake akafa. Biggin Hill mwaka 2001 jeti ya Vampire ilianguka na wawili waliokuwa ndani wakafa, na kesho yake ndege nyingine ikaanguka palepale. Mwaka huohuo wa msiba, 2015, tarehe 1 Agosti, wiki tatu kabla, jeti ndogo ya Gnat ilianguka kwenye tamasha la Oulton Park, Cheshire, rubani akafa. Lakini watu waliokata tiketi walirudi nyumbani.

Sasa angalia ramani ya Shoreham nami. Uwanja ni mdogo. Watazamaji wako upande mmoja, ndani ya uzio. Ndege haziruhusiwi kuwaelekea wala kupita juu yao. Basi zitageukia wapi, zitapanda na kushukia wapi? Upande wa pili. Na upande wa pili kuna nini? Vitongoji, na A27 yenye magari ya Jumamosi ya kiangazi. Kila hatua tuliyomsogeza mtazamaji mbali na hatari, hatari ilikuwa inasogea nayo hatua, kuelekea kwa mtu ambaye hakuulizwa. Makutano yale yalikuwa yanajulikana: kila mwaka watu walikuwa wakisimama pale kutazama bure. Wachunguzi waliandika waziwazi kwamba ukubwa wa msiba ulitokana na kukosekana kwa hatua za kuwakinga watu walio nje ya eneo la waandaaji. Waliandika pia kwamba msimamizi wa maonyesho hakujua rubani angefanya michezo gani na juu ya wapi. Hakuwa amevunja sheria. Sheria haikumtaka ajue.

Nasema haya kwa uzito wote nilio nao. Mtazamaji anajua amekuja kutazama kitu cha hatari kidogo. Rubani anajua zaidi ya wote, amejifunga mkanda kwa hiari yake. Mwandaaji ana bima na karatasi. Mtu wa nne, yule wa kwenye gari, anasikiliza redio, anafikiria mechi au harusi au maziwa ya mtoto, yeye hakuingia kwenye hesabu ya mtu yeyote. Hata jina hakuwa nalo kwenye karatasi zile. Alikuwa "nje".

Siku mbili baada ya ajali, mamlaka ya usafiri wa anga ya Uingereza iliamuru jeti kongwe zisifanye sarakasi za nguvu juu ya nchi kavu, zipite tu. Hunter zote zikazuiwa kuruka. Baadaye zikafuata kanuni nzito zaidi za mitihani ya marubani, za wasimamizi, za kupima hatari ya walio nje. Wapenzi wa ndege walilalamika kwamba maonyesho madogo yatakufa kwa gharama. Mengine yamekufa kweli. Shoreham hawakufanya tena mwaka uliofuata. Sifurahii. Maonyesho yale yalikuwa yakiwachangia wastaafu wa jeshi la anga, na yaliwapa watoto wengi wa Sussex hamu ya kuwa wahandisi. Ila nikiwekewa mizani sihitaji muda mrefu.

Kuna suala la ukongwe wenyewe, ambalo watu hulishika kwanza kwa sababu ni rahisi. Je, tatizo si kwamba ndege ilikuwa na miaka 60? Kwa Shoreham jibu la wachunguzi ni kwamba hawakupata hitilafu ya mtambo iliyoiangusha. Hata hivyo ukongwe una sumu zake. Baruti zinazorusha viti vya marubani zilikuwa zimepitwa na muda wake, na baada ya ajali ikawa hatari nyingine kwa waliokuja kuokoa, maana walikuwa wanafanya kazi karibu na viti ambavyo vingeweza kulipuka. Mjomba alikasirika kuliko nilivyowahi kumsikia niliposoma kifungu hicho. Enzi zake, anasema, pini za usalama za viti zilihesabiwa moja moja, mbele ya mtu wa pili, na aliyekosea hesabu hakulala. Marekani, Agosti 2023, kwenye maonyesho ya Michigan, MiG-23 ya Kisovieti ilipoteza nguvu angani. Waliokuwa ndani waliruka kwa viti wakapona. Ndege yenyewe ilikwenda peke yake ikaangukia kwenye makazi ya watu, karibu na jengo la nyumba za kupanga, penye maegesho ya magari. Hakuna aliyekufa. Ukitazama picha za pale huelewi kwa nini.

Basi ukongwe ni kitu, lakini ndege mpya nazo huua. Lviv, Ukraine, Julai 2002, Su-27 ya jeshi, yenye marubani wa jeshi, iliingia katika umati ikaua watu 77, watoto wengi miongoni mwao. Kinachoziunganisha hizi zote ni kazi ya chini: sarakasi karibu na ardhi, ambako kosa la sekunde halina pa kuangukia isipokuwa juu ya mtu. Kosa lilelile la noti 40, likifanyika futi 10,000 juu ya bahari, rubani anashuka, anakunywa chai, anawasimulia wenzake.

Sasa mahakama. Machi 2019, baraza la wazee wa mahakama ya Old Bailey lilimwachia rubani kwa mashtaka yote 11 ya kuua bila kukusudia kwa uzembe mkubwa. Utetezi wake ulikuwa kwamba huenda nguvu za mvuto wa kitanzi, zinazouvuta mwili na damu, zilimpunguzia uwezo wa akili bila mwenyewe kujua. Baraza halikuwa na hakika kupita shaka, na sheria inasema bila hakika hiyo huhukumu. Desemba hiyohiyo wachunguzi wa ajali walilipitia tena suala hilo wakasema ushahidi mpya haukubadilisha matokeo yao. Halafu familia zikasubiri tena. Desemba 2022, miaka saba na miezi minne baada ya msiba, korona wa West Sussex, yaani ofisa anayechunguza vifo, Penelope Schofield, alihitimisha kwamba wanaume 11 waliuawa isivyo halali. Kiwango cha ushahidi kwake ni kingine, cha lililo na uwezekano zaidi. Ndiyo maana majibu mawili yanaweza kusimama pamoja katika nchi moja, mmoja asiye na hatia na 11 waliouawa isivyo halali. Kwa mtu wa sheria hilo halina mgongano. Kwa mzazi, nimekaa na wazee wa kutosha waliofiwa na watoto kujua kwamba lina mgongano kila asubuhi.

Nilimuuliza mjomba angetaka nini. Nilitegemea aseme ziachwe ziruke, kwa jinsi anavyoipenda ile ndege. Akakaa muda. Akasema Hunter haikuumbwa kukaa kwenye jumba la makumbusho ikimwagiwa vumbi, inatakiwa isikike. "Lakini kuisikia si lazima ijipindue," akasema. "Mimi nilikuwa naisikia ikipita tu, nikawa na furaha wiki nzima." Hapo mimi na yeye tunakubaliana, isipokuwa jambo moja: yeye anadhani rubani mzuri akifuzu apewe tena kitanzi chake juu ya nchi kavu. Mimi hapana. Sioni rubani mzuri kiasi gani anayeweza kunihakikishia kuhusu gari asilolijua.

Miaka michache iliyopita nilikwenda Eastbourne, kilomita kama 40 mashariki ya hapa, kutazama maonyesho yao ya ndege. Niliogopa kwenda, nikaenda kwa sababu nilitaka kuwa mkweli kwa ninachokiandika. Kule ndege zilicheza juu ya bahari, mbele ya ufuo. Watu walikaa kwenye changarawe na vikapu vyao vya chakula. Nilichokitazama mimi sana zilikuwa boti za walinzi, mbali huko, zikizunguka pembezoni mwa eneo la maji lililofungwa. Boti moja ya matanga ilijisogeza ndani, mtu na mkewe labda, hawana habari. Boti ya mlinzi ikaikimbilia, ikaizunguka, ikaitoa nje taratibu. Sauti ya kipaza ilitangaza kwamba ndege inayofuata itasubiri kidogo. Mwanamume aliyekuwa nyuma yangu aliguna, akasema wanatupotezea muda.

Tulisubiri kama dakika sita. Nilihesabu. Boti ile ya matanga ilikuwa ndogo, nyeupe, na alipogeuza tanga mtu wa ndani alipunga mkono kuomba radhi. Nilimpigia mjomba palepale, kelele za ufuo zikiwa masikioni, nikamwambia kuna mtu wameanza kumhesabu. Hakunielewa, mtandao ulikuwa unakatika. Ndege ikaja.